Kaka anauguza mke asiyepona, dada afanye nini? Kisa cha familia moja ya Ngamiani

Kisa hiki wenyewe wameniruhusu kukiandika, majina siyataji, na kuna vitu viwili vitatu nimevigeuza wasitambulike. Ni kaka na dada, baba mmoja mama mmoja, watu wa Tanga hasa. Kaka mtu ni fundi baiskeli Ngamiani, ana kibanda chake kando ya barabara, na mji huu ukiwa fundi baiskeli mwenye mkono mzuri hulali njaa. Dada mtu ndo mkubwa, kaolewa Dar, anakaa Mbagala anauza vitenge na madera. Mke wa kaka kwao Pangani, alikuwa mama lishe pale karibu na soko la Mgandini, miaka 38, watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa 7. Mi nimeingia kwenye hii habari kwasababu nazungukia wagonjwa majumbani kwa kujitolea, wale ambao hospitali imeshasema warudi watunzwe na familia.

Swali alilonijia nalo dada mtu lilikuwa fupi: "Kaka'angu anamkimbia mkewe, nimsemeje anielewe?"

Nalisikia swali hili kwenye nyumba nyingi, ndo maana nimeona kisa hiki kina faida kwa mwenye ndugu anayeuguza mume au mke.

Ugonjwa kwa kifupi. Ilianza damu katikati ya mwezi, ikaja damu baada ya tendo la ndoa, kisha majimaji yenye harufu. Zahanati moja wakamtibu UTI, wakarudia, wakarudia tena, miezi inakwenda. Alipofika Bombo, hospitali ya mkoa, wakamwangalia mlango wa kizazi, wakakata kinyama kikapimwa, majibu saratani. Hii ndo saratani inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania na wengi wanafika hospitali imeshatambaa. Akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, akapigwa mionzi wiki tano hivi, Jumatatu mpaka Ijumaa, muda wote huo analala Mbagala kwa wifi yake, yani huyu dada mtu. Akapata nafuu, akarudi Tanga, akapika tena kama mwaka. Kisha mguu mmoja ukavimba, kiuno kikawa kinamuuma usiku hadi anauma kanga, mkojo ukapungua. Uvimbe ulikuwa umebana mirija ya mkojo na figo zinaanza kuchoka. Daktari akawaita mke na mume akawaambia ukweli, kwamba mionzi na dripu za saratani hazitasaidia tena, sasa ni tiba shufaa, maumivu yatulizwe, alale, ale anachoweza, awe na watu wake.

Kaka mtu akasema sawa dokta. Kesho yake saa moja asubuhi yuko kibandani anaziba pancha.

Dada mtu alipoambiwa kwenye simu na jirani kwamba mume anashinda kazini mke kalala ndani, akapanda basi Mbezi, Chalinze, Segera, Muheza, akashuka Kange hasira zimeshaiva. Alichokikuta nyumbani: mama mkwe wa kaka kaja kutoka Pangani na mama wadogo wawili wa mgonjwa, majirani wanaingia wanatoka, jikoni sufuria halishuki. Kaka akarudi saa mbili usiku, akala barazani, akasimama mlangoni mwa chumba akauliza "kashindaje leo", akajibiwa "hajambo kidogo", akaenda kutandika godoro sebuleni. Dada mtu hapo hapo alitaka kumvaa.

Nikamwomba asubiri kidogo na nikamuuliza, tangu asubuhi kaka yako kapewa kazi gani ndani ya nyumba hii? Akafikiri. Hela ya pampasi katoa yeye, dawa katoa yeye, bodaboda ya kwenda hospitali, samaki wa wageni, sukari. Basi. Kafanywa ATM. Na ndani chumbani hana pa kukaa, hili ndo watu hawalioni: juu ya kitanda cha mkewe kakaa mama mkwe wake. Pwani hii mwanaume na mama mkwe wana heshima yao, hawezi kujinyoosha pembeni ya mkewe mama mkwe yupo, hawezi kumshika mkono, hawezi hata kulia. Akifungua mlango anakutana na macho ya yule bibi anarudi kinyumenyume. Mgonjwa mwanamke kashikwa na wanawake wenzie, ni desturi na ni sawa, ila kwenye desturi hiyo mume hajapangiwa pa kukaa, sasa mtu mwenye adabu zake anaonekana mkimbizi.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza kwa dada mtu haukuhusu kaka yake kabisa. Ulihusu mama mkwe. Kazi yako wewe, nikamwambia, sio kumuuguza wifi yako, wauguzaji wamejaa. Kazi yako ni kumtengenezea kaka yako njia ya kuingia chumbani kwake mwenyewe. Na uifanye bila kuwa wifi, unajua mawifi wanavyosemwa, ukianza tu kupanga mambo ndani ya nyumba ya mke wa kaka wakati mwenyewe kalala, utaambiwa umekuja kurithi kabla hajafa.

Akaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Alimfuata yule bibi jioni akamkandia miguu, ndio, miguu ya bibi ilikuwa imevimba kwa kukaa, akamwambia "Mama umechoka, toka Isha mpaka saa nne njoo ujinyooshe chumba cha watoto, mkwe wako atakaa na mwenzie, kukitokea jambo tutakuamsha." Hakutaja neno haki wala neno mume. Usiku wa kwanza bibi alikataa, wa pili akakubali, wa tatu akaondoka mwenyewe kabla hajaambiwa.

Kazi ya pili ilikuwa dawa. Morfini ya maji ile, wengi wameiona, chupa ya kawaida, inapimwa kwa sirinji isiyo na sindano, inanywewa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo, maana ukisubiri yarudi ndo umpe unakuwa unayakimbiza. Ratiba yake saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, na hiyo ya mwisho daktari alielekeza apewe mara mbili ili afike alfajiri bila kuamka. Kabla ya hapo dawa ilikuwa inatolewa na yeyote aliyekuwepo, mara nyingine inatolewa mara mbili, mara nyingine haitolewi kabisa kwasababu kila mtu anadhani mwenzie katoa. Nesi akaja siku moja akamfundisha kaka mtu.

Nilikuwepo. Yule bwana mikono yake ina grisi kwenye mistari ya vidole haitoki hata kwa sabuni ya unga na mchanga, akaishika sirinji kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye tochi ya simu auone ule mstari vizuri, akarudisha tone moja kwenye chupa, akaangalia tena. Fundi wa kunyoosha spoku, jicho lake la vipimo liko pale pale. Mke akawa anamtazama, akacheka, akasema "hujawahi kunipimia hata mafuta ya taa hivyo." Toka siku hiyo daftari la dawa likawa lake. Daftari la kawaida la shule, anaandika saa, kiasi, na maumivu kwa vidole, ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Asubuhi anatoa ya kwanza kabla hajaenda kibandani, saa nne anarudi na baiskeli anatoa, saa nane anarudi tena. Kibandani akamweka kijana. Lile daftari ndo lilikuja kusaidia sana baadae, figo zilipozidi kuchoka mgonjwa akawa analala kupita kiasi hata kuzungumza hawezi, nesi akapitia kurasa akaona ilianzia wapi, daktari akapunguza dozi na kupanua muda, maana morfini hutolewa na figo na figo zikigoma dawa inajaa mwilini.

Mama mkwe alikuwa na hofu na hiyo dawa. Tanga hii tumeona vijana wetu walivyomalizwa na unga, ukimwambia mtu mzima kwamba dawa hii iko ukoo mmoja na vile vitu, anakuwa na haki ya kuogopa. Alisema mnamfanya mwanangu teja. Jibu lililomtuliza sio la kitabuni, ni kuona binti yake usiku halii. Lakini maelezo nayo yapo: anayetumia kwa maumivu ya saratani kwa kipimo cha daktari hatafuti ulevi, siku chache za mwanzo atasinzia na pengine kichefuchefu, hivo hupungua, kisichopungua ni kufunga choo, kwahiyo dawa ya kulainisha choo inakwenda sambamba toka siku ya kwanza. Hili la choo wanalisahau wengi, mgonjwa anakaa siku nyingi tumbo limejaa, watu wanasema ugonjwa umepanda.

Sasa lililo zito. Godoro la sebuleni.

Kaka mtu alishaanza kulala sebuleni kabla wazee wa Pangani hawajaja, na sababu ilikuwa harufu. Saratani ya mlango wa kizazi ikifika mbali inatoa majimaji yenye harufu kali, haina uhusiano na usafi, unaweza ukaoga mara tano. Nyumba nzima walijua na hakuna aliyelisema. Kina mama walichoma udi asubuhi na jioni, udi wa Tanga na ubani juu yake, chumba moshi mtupu, na harufu mbili zikichanganyika inakuwa mbaya zaidi na mgonjwa anatapika. Siku moja mgonjwa akamshika wifi yake mkono, hakuna mtu chumbani, akamuuliza: "Wifi, kaka yako ananisikia nanuka?"

Dada mtu akaniambia alitaka kusema hapana. Hakusema. Akamwambia "Tunaisikia wote, na kuna dawa, ngoja nimuulize nesi." Kwangu mimi hii ndo sentensi bora kwenye kisa kizima. Na dawa ipo kweli, tena ya bei ndogo: vidonge vya metronidazo, nesi alielekeza visagwe unga uwe unatumika pale pale penye jeraha, kwa namna aliyoifundisha yeye, maana bakteria wa kwenye jeraha ndo wanaoleta ile harufu. Kanga kuukuu zikakatwa vitambaa vinavyobadilishwa mara kwa mara, beseni la mkaa mkavu likawekwa chini ya kitanda kunyonya hewa, dirisha likafunguliwa, udi ukahamia sebuleni. Baada ya siku chache tofauti ikaonekana. Kisha dada mtu akamwambia kaka yake, kwa ufupi, nje kibandani, sio ndani: mkeo anadhani unamkinai. Kaka hakujibu, akaendelea kukaza nati. Usiku huo godoro likahamia chumbani, chini kando ya kitanda cha mkewe, na likabaki hapo mpaka mwisho.

Watu wananiuliza ndugu anayeuguza uongee nae vipi. Dada mtu alirudi Mbagala baada ya muda, ana mume na biashara, akawa anakuja na kurudi, kwahiyo kazi kubwa ilikuwa ya simu. Alichokipata ni saa. Akimpigia usiku kaka yuko ndani hawezi kusema kitu, akimpigia asubuhi ana wateja. Akagundua saa kumi na moja na nusu jioni anafunga kibanda, kuna nafasi kabla hajafika nyumbani, na hapo ndo anaongea. Hakuanza na "mgonjwa anaendeleaje", maana hilo kila mtu anauliza na kaka ana jibu moja la kuwagawia wote. Alikuwa anauliza "leo ndani kumekuchaje?" au "umekula nini wewe?" Siku nyingine walikuwa wanaongelea bei ya tairi tu. Siku nyingine kaka analia na dada ananyamaza simu imewaka. Maneno aliyoyaacha kabisa ni "jikaze wewe mwanaume", "mngeenda mapema" na lile la "yupo atakayepona kwa miujiza, usikate tamaa". Subira akamwachia sheikh aiseme, kaka alishaambiwa subira na mtaa mzima.

Lawama zilikuja, kama kawaida. Kaka wa mgonjwa alisema barazani, kwa sauti ya kusikika, ugonjwa wa huko chini mwanaume ndo anauleta. Kaka mtu akanyamaza, ila usiku ule daftari likaandikwa vibaya, ndo nikajua limemwingia. Ukweli ni kwamba saratani hii inaletwa na kirusi cha HPV, kinapita kwenye kujamiiana, karibu kila mtu mzima anakipata wakati fulani wa maisha yake, wengi mwili unakiondoa wenyewe, na kwa wachache kinapobaki kinachukua miaka 15 mpaka 20 kugeuka saratani. Wamekaa kwenye ndoa miaka 14. Piga hesabu mwenyewe uone kama kuna hakimu anaweza kuamua kesi hiyo. Dada mtu alitaka kwenda kumjibu shemeji yule, nikamzuia, akaenda nesi akayasema hayo mbele ya wote akijifanya anaongelea chanjo ya kirusi hicho. Na chanjo yenyewe ni la maana hapa: Tanzania ilianza 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na tangu 2024 wanachanjwa wa miaka 9 mpaka 14 kwa dozi moja. Binti wa nyumba hii ana 12. Alichanjwa mama yake akiwa hai, na mama alidai kuiona kadi.

Ya India nayapita haraka. Binamu mmoja alifungua grupu la WhatsApp la kuchangia safari ya matibabu huko, hela zikaanza kuingia, kaka anataka kuuza vifaa vya kibanda aongezee. Dada mtu hakubishana kwenye grupu. Alimpa kaka yake swali moja akamuulize daktari: huko wana kitu gani ambacho kitamwongezea nini? Daktari akajibu kwa upole, na ile michango kwa ridhaa ya wachangiaji ikabadilishwa matumizi, ikawa ya dawa, pampasi, na ada ya watoto, mweka hazina mtu wa nje ya familia zote mbili. Kombe la kisomo, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, mgonjwa alikunywa na hakuna aliyekataza, ila mizizi ya kuchemsha iliyoletwa kwenye kidumu dada mtu aliomba isitumike, figo zile zisingeweza.

Mgogoro mkubwa ulikuwa wa Pangani. Ndugu wa mke walitaka mtoto wao arudi kwao akauguzwe huko, na huku upande wa mume wakasema kuondoa mke nyumbani ni kumvua heshima mwanaume. Kila upande unasema kwa niaba ya mgonjwa na mgonjwa yuko ukuta wa pili anasikia yote. Hapa dada mtu alifanya jambo ambalo nisingelifikiria mimi. Alimtafuta mshenga. Mzee yule yule aliyepeleka posa miaka 14 nyuma, yu hai bado, anakaa Makorora. Akamwambia baba, wewe ndo uliyeziunganisha hizi nyumba mbili, njoo. Mzee akaja, akapita moja kwa moja chumbani, mlango wazi, akamuuliza mgonjwa mwenyewe. Akasema anataka kubaki, watoto wanasoma hapa na hospitali iko karibu, lakini mama yake asiondoke. Mzee akatoka akayatamka barazani kama yalivyo. Kesi ikaisha. Angeyasema dada mtu maneno hayo hayo, ingewaka.

Mshenga huyo huyo ndo alibeba suala la mali, wifi ukiligusa hilo umekwisha. Mgonjwa alikuwa na kiwanja Pongwe cha hela yake ya mama lishe, hisa za kikoba, na bangili. Sheikh aliwaeleza: mke akiacha watoto mume anapata robo, mama yake sudusi yani moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike, na kwa kuwa kuna mtoto wa kiume kaka za mgonjwa hawana fungu. Wasia hauzidi theluthi na hauendi kwa mrithi. Bangili akazitolea wasia kwa mdogo wake wa kike, ambaye si mrithi, na kiasi cha kuchimbia kisima msikitini kwao. Ikaandikwa, mashahidi wakatia saini. Baadae kwenye Mahakama ya Mwanzo, na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi, hakuna aliyeinua sauti.

Ambapo mi na dada mtu hatukubaliani ni watoto. Mvulana alimuuliza "shangazi, mama atapona?" akamjibu "atapona inshallah" na akamtuma dukani. Nia njema. Lakini mtoto alikuwa anaona mama yake anakonda kila siku, akaacha kuuliza watu wazima akawa anauliza dada yake wa miaka 12, mzigo ukaangukia kwa binti. Ningependa wangeambiwa mapema na baba yao, kwa maneno mafupi, mama ana ugonjwa ambao dawa zimeshindwa kuuondoa, tunamtunza asiumie, na hamjakosa nyie. Mwishoni kaka mtu aliyasema karibu hivyo hivyo, usiku, watoto wamekaa juu ya lile godoro, mama yao anawasikiliza.

Alifariki alfajiri. Mumewe na mama yake wote wawili walikuwa chumbani, sikusikia habari ya heshima ya mkwe siku hiyo. Wakati wa kuosha kaka mtu akasema anataka kumwosha mkewe, kina mama wakatazamana, mmoja akasema si kazi ya mwanaume hiyo. Dada mtu hakubishana, akatuma mtoto kwa ustadhi, jibu likarudi kwamba katika madhehebu ya Shafi mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. Akaingia. Wanawake wawili waliosha yeye akawa anamimina maji. Akazikwa adhuhuri.

Baada ya mazishi ndo watu wengi huondoka na ndo dada mtu alizidisha. Mwanaume hana eda, hakuna miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani watu wakijua huyu kafiwa, wiki ya pili yuko kibandani na wateja wanamdai rimu zao. Zile safari za kurudi nyumbani saa nne na saa nane zikawa hazina kazi, na alikuwa bado anarudi. Dada alipojua akampa shughuli za saa hizo, kumfuata mvulana shule, kwenda ofisini kufuatilia cheti cha kifo, vitu vidogo. Simu ya saa kumi na moja na nusu ikaendelea. Mumewe wa Mbagala alianza kunung'unika na si kwa ubaya, duka lilikuwa limeyumba, wakakubaliana aende Tanga mara moja kwa mwezi na hesabu za duka azimalize kabla ya kuondoka.

Bibi wa Pangani aliomba wajukuu, na kwa sheria ya dini mama wa mama ana nafasi ya mbele kwenye malezi. Binti akaulizwa, akataka kumalizia shule Tanga. Bibi anakuja Ijumaa analala hadi Jumapili, likizo wote wanakwenda Pangani. Kwenye arobaini wazee wakaanza habari ya kwamba nyumba haikai bila mwanamke na wakamtaja mdogo wa marehemu. Kaka mtu akamtuma mshenga yule yule awaambie mpaka binti amalize la saba asisikie neno la ndoa, na mpaka naandika hapa hajaulizwa tena.